Upepo Ukifa, Maji Bado Yanakuja: Mwongozo Kamili wa Kujikinga na Mabaki ya Kimbunga Mbali na Bahari

Kimbunga kikitajwa redioni, Dar es Salaam nzima hugeuza macho baharini. Boti za Zanzibar zinasimamishwa, wavuvi wanavuta vyombo vyao juu, na vijana wanakwenda Coco kupiga picha za mawimbi. Aliyepanga chumba Kigogo, mwenye heka zake za mpunga Kilombero na mwenye wazazi Songea wanashusha pumzi, kwa kuwa bahari iko mbali nao. Mimi nasema hao ndio wa kuangaliwa zaidi. Kimbunga Freddy cha mwaka 2023 kiliua watu wengi zaidi Malawi kuliko popote pengine, nchi ambayo haina hata kipande cha bahari.

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Dar mwenye mambo mawili kichwani: nyumba yake hapa jijini, na ndugu, shamba au mzigo wake huko bara. Maelezo ya sayansi nimeyaweka mwanzoni kwa sababu asiyejua kwa nini mvua inachelewa kufika atafungua milango mapema mno.

Kwanza, elewa kinachobaki upepo ukishakufa

Kimbunga kinaendeshwa na joto la bahari. Kinahitaji maji yenye joto la takriban nyuzi 26.5 au zaidi, na mvuke unaopanda kutoka kwenye maji hayo ndio unaokipa nguvu. Kikipanda nchi kavu mvuke unakatika, huku miti, vilima na majengo vikiukwamisha upepo wa chini. Ndani ya saa chache kasi yake huporomoka. Hali hiyo ni sawa na kuondoa kuni chini ya chungu: moto umezima, lakini chungu bado kimejaa. Wingu linalobaki linaweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita, limebeba unyevu wa bahari nzima, na ni lazima liumwage mahali fulani.

Litaumwaga wapi, na kwa wingi gani? Yapo mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni mwendo wa mabaki yenyewe: yakienda polepole au yakisimama, eneo lilelile linanyeshewa mchana na usiku. La pili ni milima, kwa sababu hewa yenye unyevu ikilazimika kupanda mlima inapoa na kuachia maji yote. La tatu ni hali ya udongo. Ardhi iliyokwishalowa hainywi tena, kila tone linakwenda mtoni.

Mambo hayo matatu yalikutana Marekani mwaka 2024. Helene kilipiga Florida usiku wa tarehe 26 Septemba. Kesho yake mji wa Asheville, ulioko milimani takriban kilomita 600 kutoka hapo, ulikuwa chini ya maji. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwenye milima hiyo kabla hata kimbunga hakijafika, na sehemu zilizopata nyingi zaidi zilipokea zaidi ya milimita 700 kwa siku tatu. Mabomba makuu ya mji yalisombwa, na wakazi wakakaa zaidi ya siku 50 bila maji salama ya bombani. Mji wa milimani, uliojaa mito, ukakosa maji ya kunywa.

Mwaka 1969 Camille kilipiga pwani ya Mississippi tarehe 17 Agosti. Siku mbili baadaye, watu wakiwa wameshaanza kukisahau, mabaki yake yalimwaga mvua ya kutisha usiku mmoja kwenye wilaya ya Nelson huko Virginia, na zaidi ya watu 100 wakafa kwa mafuriko na maporomoko. Ida kilipiga Louisiana tarehe 29 Agosti 2021. Tarehe 1 Septemba kikazamisha vyumba vya chini ya ardhi jijini New York.

Kwa majirani zetu ni hivyohivyo. Idai kilipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kisha kikaenda kubomoa Chimanimani, Zimbabwe, kama kilomita 200 kutoka pwani, mawe makubwa yakishuka mlimani usiku juu ya nyumba za Ngangu na Kopa. Freddy kiliingia Quelimane tarehe 11 Machi 2023, na usiku wa kuamkia tarehe 13 miteremko ya Blantyre ikashuka na watu wake.

Ukiziangalia tarehe hizo vizuri utaona kuwa pengo kati ya kimbunga kupiga pwani na maafa ya bara ni kati ya siku moja na tatu. Hizo siku ndizo za kufanyia kazi. Kwa bahati mbaya, ndizo siku ambazo redio imeshahamia kwenye habari nyingine.

Pili, jua kinatufikia kwa njia gani

Njia ya kwanza ni kupigwa moja kwa moja. Ni nadra, lakini si hadithi. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na mashamba ya karafuu ya Unguja yakang'olewa. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 na kufia hapo. Msimu wa vimbunga kwenye sehemu yetu ya Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na Hidaya kikaja Mei, kwa hiyo usiifuate kalenda kwa macho yaliyofumba.

Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui na linasaidia sana. Upande wetu wa dunia, kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Kimbunga kinachotoka mashariki kuja pwani yetu, upande wake wa kusini upepo unatoka baharini kuingia bara na kubeba mvua na mawimbi. Upande wa kaskazini upepo unatoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: kiini kinapita kaskazini kwangu au kusini kwangu? Hidaya kilipofika Mafia, Dar ilikuwa kaskazini yake na Kilwa kusini. Sisi tulipata upepo na usumbufu. Kilwa ilipata mvua iliyokata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na magari yakakwama pande zote mbili. Wakati huo kimbunga chenyewe kilikuwa kimeshatangazwa kupoteza nguvu.

Njia ya pili ni kupitia Msumbiji. Kimbunga kikiingia Cabo Delgado, kama Kenneth cha tarehe 25 Aprili 2019 au Chido cha Desemba 2024, mabaki yake yanaweza kugusa mikoa ya kusini. Mwenye ndugu Masasi, Tunduru, Newala au Songea asiseme "hicho ni cha Msumbiji." Mto Ruvuma hauna habari na mpaka.

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu. Kimbunga kinaweza kuwa mbali kabisa, mashariki mwa Madagaska au kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, na bado kikabadilisha mvua ya Dodoma, Mwanza au Nairobi. Kinavuta hewa kuelekea kwake. Kikiwa mahali fulani kinavuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo ikapita juu yetu, na mvua zikaongezeka. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagaska. Kikiwa mahali pengine kinaunyonya unyevu wetu na kuupeleka kwake, na masika yanachelewa, kama yalivyochelewa sehemu nyingi za Afrika Mashariki mwaka 2019 wakati wa Idai. Kwa hiyo mkulima wa Kilosa akisikia kimbunga Madagaska asiwahi kupanda wala asikate tamaa. Asubiri utabiri wa siku kumi.

Tatu, ipime sehemu yako kabla msimu haujaanza

Kazi hii inafanyika jua likiwaka, na haina gharama. Tembea.

Kama unakaa Dar, tafuta mto au mkondo ulio karibu nawe na ujue unatoka wapi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Maana yake mtu wa Jangwani, Kigogo au Mkwajuni anaweza kufurikiwa wakati kwake imenyesha manyunyu tu. Vivyo hivyo kwa wanaopakana na Mto Ng'ombe kule Tandale, Mto Mbezi, Mto Mpiji, au Kizinga na Mzinga upande wa Mbagala. Tafuta namba ya mtu mmoja anayekaa juu ya mto wako. Fundi, muuza mkaa, yeyote. Huyo ndiye kengele yako.

Kisha tazama alama. Kuta za nyumba za zamani mabondeni zina mstari wa rangi ya udongo. Huo ndio urefu wa maji ya mara ya mwisho. Waulize wenyeji wa siku nyingi Desemba 2011 maji yalifika wapi. Ule mwaka ndio uliozaa makazi ya Mabwepande, kwa sababu waathirika wa mabondeni walihamishiwa huko. Dalali hatakuambia. Bibi anayeuza vitumbua pale kona atakuambia, tena kwa kukuonyesha kwa kiganja ukutani.

Kwa nyumba ya mlimani au kwenye mteremko, iwe Kimara, Morogoro chini ya Uluguru, Lushoto au Rungwe, mambo ya kutazama ni mengine: mlima umekatwa wima nyuma ya nyumba? Maji ya paa la jirani wa juu yanamwagikia wapi? Kuna shimo la choo lililochimbwa ukingoni? Mwezi Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilifunika sehemu za mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Hakikuwa kimbunga, lakini mlima uliolowa hauulizi mvua imetoka wapi.

Halafu piga hesabu ya paa lako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 100 linamwaga lita 6,000, yaani madumu 300 ya lita ishirini. Sasa zidisha kwa nyumba zote za mtaa wenu, kisha uende ukautazame mtaro mmoja mlio nao, na chupa zilizomo.

Nne, soma tangazo la TMA kwa utulivu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya kila ramani huwa wameandika mambo mawili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazotarajiwa. Watu wanaishia kwenye rangi. Soma yale mawili. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa ni jambo la kuandalia begi, hata kama rangi haijakushtua.

Picha za njia ya kimbunga, ambazo nyingi asili yake ni kituo cha Réunion kinachosimamia vimbunga vya eneo letu, zina umbo la pembe linalopanuka kadiri siku zinavyosonga mbele. Pembe ile inaonyesha kiini kinaweza kupita wapi. Haionyeshi mvua itaishia wapi. Mji ulio nje ya ile pembe unaweza kulowa kuliko ulio ndani.

Madaraja ya nguvu nayo yanapotosha. Dhoruba inapewa jina ikifikisha upepo wa kilomita 63 kwa saa, na inaitwa kimbunga kamili ikifikisha 118. Vipimo hivyo ni vya upepo mtupu. Hakuna popote vinaposema mvua itakuwa kiasi gani. Dhoruba dhaifu inayokwenda kwa mwendo wa kinyonga ni hatari zaidi kwa mtu wa bara kuliko kimbunga kikali kinachopita mbio. Kwa hiyo ukisikia "kimepungua nguvu", uliza: kinaelekea wapi, kwa mwendo gani, na huko ardhi ikoje?

Kuhusu kimbunga Jobo niseme kidogo. Aprili 2021 tuliambiwa kinakuja Dar, kikadhoofika kabla hakijatufikia, na mitandao ikacheka wiki nzima. Ule mzaha umetugharimu. Tahadhari iliyotolewa na jambo lisitokee ilikuwa halali kwa taarifa za siku ile. Kimbunga hudhoofika kikikutana na upepo mkavu au upepo wa juu unaokikata. Anayengoja uhakika wa asilimia mia atangoja hadi maji yafike godoroni.

Jambo la mwisho hapa: sauti za WhatsApp zinazoanza na "kuna mtu wangu yuko TMA" zifute. Tangazo la kweli lina tarehe, saa na maeneo yaliyotajwa kwa majina.

Tano, andaa nyumba

*Wiki kadhaa kabla.* Zibua mtaro wa mbele ya nyumba na karavati la njia panda. Ukizibua wako peke yako umemhamishia jirani maji, basi lipeleke jambo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ifanyike siku moja kwa wote. Takataka mlizozoa ziondoke siku hiyohiyo. Nimeona mara nyingi lundo likiachwa ukingoni na mvua ya kwanza ikalirudisha ndani.

Panda juu ya paa, au mlipe fundi apande. Bati hung'oka kuanzia pembeni na kwenye kofia, kwa hiyo hapo misumari iwe karibukaribu. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya au utepe wa chuma, zisiwe zimekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Kata matawi yanayoning'inia juu ya paa na nyaya. Hata bara upepo wa mabaki hutosha kuangusha mti ambao mizizi yake imekaa kwenye tope. Helene kiliangusha miti mingi hata huko milimani.

Tangi la maji la juu lijazwe. Likiwa tupu linapeperuka.

*Siku mbili au tatu kabla.* Viroba vya mchanga huwekwa mlangoni kwa kupishana, tabaka la chini likitanguliwa na turubai. Usivijaze pomoni, theluthi mbili inatosha ili vilale na kuziba. Watu wengi wanasahau kwamba maji huingia pia kupitia chooni na kwenye karo: chemba ikijaa inarudisha. Ziba tundu kwa mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye nailoni.

Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya watoto, leseni ya makazi au hati, kadi ya bima na kadi ya kliniki ya mama mjamzito vitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye begi moja ambalo kila mtu nyumbani anajua lilipo. Vipige picha, ujitumie. Weka pia dawa za wagonjwa wa sukari na presha za wiki mbili, tochi, pawabenki iliyojaa, pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu mnara ukizima hakuna muamala.

Kinga maji ya kunywa, lita tatu kwa kila mtu kwa siku, za siku tano kwa uchache. Hili kwa Dar lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka Mto Ruvu, na Ruvu unashuka kutoka Uluguru. Mvua ikinyesha Morogoro, tope linafika kwenye mitambo na mgao unafuata, hata kama mtaani kwako jua linawaka.

*Saa chache kabla.* Zima meinswichi maji yakiwa bado nje, si yakishafika kwenye soketi. Pandisha friji juu ya matofali, nyanyua magodoro, mpeleke mzee na watoto kwa ndugu aliye juu. Wapeleke mchana. Watu wa Chimanimani na Blantyre walikutwa usiku, wamelala.

Sita, piga simu bara

Wewe uliye Dar una kitu ambacho mjomba wako Ifakara huenda hana: intaneti na muda wa kuitazama. Kazi yako ni kumfikishia habari kwa lugha ya mto wake. Usimwambie "kuna mgandamizo mdogo wa hewa." Muulize.

"Shikamoo mjomba. Mto umefikia wapi?"

"Marahaba mjomba. Uko palepale pa jana. Ila umebadilika rangi, na unaleta magogo."

Jibu hilo lina habari kuliko ramani. Maji yanayogeuka kuwa mekundu ghafla na kuleta magogo yanasema huko juu kumeshabomoka. Hapo mwambie ahamishe mifugo na magunia leo, asisubiri mto upande. Mito mikubwa kama Kilombero na Rufiji hupanda taratibu kwa siku nyingi, na inaweza kuendelea kupanda wakati mvua imekwishakatika. Vijito vya milimani hupanda kwa dakika.

Kilele cha mto kikiwa bado hakijafika, mvua kukatika si habari njema ya kutosha.

Saba, usiku wa mvua

Pangeni zamu ya kukaa macho. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji na ukimulike kwa tochi kila nusu saa. Kwenye mteremko sikiliza na tazama: ufa mpya ardhini au ukutani, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa umekwama, mti au nguzo imeinama, chemchemi imetokea pasipokuwa na maji, au mlio wa mngurumo kutoka juu. Dalili moja kati ya hizo inatosha kutoka, tena kwa kwenda pembeni mwa mteremko, si kukimbia kushuka nao. Kijito kikipungua ghafla huku mvua inanyesha, ondoka mara moja. Huko juu kimezibwa na udongo, na kikizibuka kitakuja chote kwa pamoja.

Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 15 yanamwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaelea na gari dogo, 60 zinachukua magari mengi. Sasa mkumbuke yule dereva wa daladala anayesema "hapa napajua." Anapajua pakiwa pakavu.

Namba za dharura: 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, 112 kwa Polisi. Wape alama ya mahali, si jina la mtaa tu.

Nane, safari

Kama una tiketi ya Mtwara, Songea au Morogoro ndani ya siku tatu baada ya kimbunga kuingia nchi kavu, ahirisha. Nauli inauma, najua. Lakini daraja lililosimama asubuhi linaweza kuwa limeliwa miguu jioni, na lami inayoonekana nzima inaweza kuwa na shimo chini yake. Kilosa ilionyesha hilo mapema mwaka 2010, mafuriko yalipoharibu tuta la Reli ya Kati na treni zikasimama. Mwenye mzigo wa kuharibika aupeleke kabla au autafutie soko la karibu. Ndani ya Dar, panga tangu jana yake njia isiyopita Jangwani.

Tisa, maji yakishapungua

Usiingie ndani kabla ya kuhakikisha umeme umezimwa, na usiguse waya ulioanguka hata kama mtaa mzima hauna umeme. Umeme unaweza kurudi mkono wako ukiwa juu ya waya huo. Vaa viatu vigumu. Nyoka, vipande vya mabati na misumari vimejificha kwenye tope, na maji ya mafuriko ya mjini ni maji ya vyoo.

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, kisha yaache dakika moja zaidi, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike hadi kitolewe maji na kutiwa klorini. Akiharisha mtu, anza kumnywesha mara moja: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kuhara kwa maji meupe kama ya mchele ni kwa kwenda kituo cha afya sasa hivi, si kesho.

Nyumba ya tofali za udongo iliyosimama kwenye maji inaweza kuanguka inapokauka, siku mbili tatu baadaye. Mwite fundi autazame msingi kabla ya kurudisha watoto kulala.

Piga picha kila kilichoharibika kabla hujakisafisha, na upeleke orodha kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Misaada na fidia za bima hufuata orodha.

Kwa shamba, fungua mifereji maji yatoke taratibu, na usiweke mbolea kwenye udongo uliojaa maji kwa kuwa itaondoka nayo. Mahindi na karanga zilizolowa ndizo zenye hatari ya kimyakimya. Zikikaa na unyevu kwenye magunia zinaota ukungu wenye sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kupika. Zitandaze juu ya turubai, si chini kwenye udongo, mgeuze mara kadhaa kwa siku hadi punje zikitafunwa zitoe mlio. Zilizobadilika rangi, zilizokunjamana au zenye harufu zichambuliwe na kufukiwa. Wala msiwape kuku: sumu ileile inawaua, na sehemu yake hubaki kwenye mayai.